Selous: Mwindaji aliyejutia gobore lake kubwa

Ukikaa na wenye leseni za uwindaji kule Manyoni na Itigi, jirani na Pori la Akiba la Rungwa, mjadala ni uleule: mnyama huyu apigwe risasi ya ukubwa gani? Mmoja anatetea kubwa, mwingine ndogo. Kuna mtu aliyelilipia swali hilo kwa bega lake mwenyewe: Frederick Courteney Selous, yule ambaye pori kubwa la kusini mwa nchi yetu lilipewa jina lake.

Alizaliwa London, Desemba 31, 1851. Mwaka 1871 akatua Afrika Kusini akiwa na miaka 19, kichwani tembo tu. Mwaka uliofuata alikwenda kwa Lobengula, mfalme wa Wandebele, kuomba ruhusa ya kuwinda. Mfalme alimcheka kwa kumwona mtoto, kisha akamwachia aende.

Pesa hakuwa nayo. Alibeba magobore ya bei rahisi yaliyotengenezwa kwa kuwindia bata, mtutu wake tundu la inchi moja hivi. Risasi moja ilikuwa robo ratili, kama gramu 113. Baruti hata hakuipima, alichota kiganjani kwenye mfuko wa ngozi na kumimina mtutuni. Kwa misimu mitatu, 1872 hadi 1874, aliangusha tembo 78 kwa silaha hizo. Zilifanya kazi, hakuna ubishi.

Tatizo lilikuwa upande wa kitako. Siku moja gobore liligoma kulipuka, likarudishwa kwake likiwa limeshindiliwa mara mbili bila yeye kujua. Alipofyatua alirushwa, akaanguka kifudifudi, shavu limepasuka, mkono hauinuki na kitako kimevunjika. Kama angekufa pale, nani angemjua leo?

Alipona, ila mwili ukajifunza kuogopa. Mpigaji akishazoea kusubiri kipigo begani, anashtuka kabla ya kuvuta, na risasi inakwenda pembeni. Mnyama anaondoka na jeraha. Selous mwenyewe alikuja kukiri kwamba magobore yale yalimharibia mishipa ya fahamu na shabaha kwa miaka mingi, na akatamani asingeyagusa kabisa.

Ndipo akaanza kushuka. Alihamia kwenye bunduki ya Gibbs ya Bristol, inayoingizwa risasi ya ganda la shaba kwa nyuma, kipenyo chini ya nusu inchi. Ilipokuja baruti isiyo na moshi akashika .303, baadaye hata Mannlicher ya milimita 6.5, risasi nyembamba kuliko penseli. Mzee alikuwa ameshaelewa kwamba mnyama anakufa kwa pale risasi inapoingia. (Msiende nalo porini hilo, jamani: kwa tembo, nyati na simba kanuni za Tanzania zinataka kuanzia .375.)

Vita Kuu ilipoanza alikuwa na miaka 62, amestaafu Uingereza. Jeshi lilimwona mzee, akang'ang'ana hadi 1915 akapokelewa kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers na kuletwa Afrika Mashariki. Katikati ya 1916, Waingereza walipokuwa wakiikamata reli ya kati hadi Kilimatinde, hapa Singida, yeye alikuwa amerudishwa kwao kutibiwa. Wengi wangebaki huko. Yeye alirudi.

Januari 4, 1917, huko Beho Beho, kaskazini mwa Rufiji, kikosi chake kilikabiliana na Wajerumani waliokuwa wengi zaidi. Alipoinua kichwa kutafuta wadunguaji walikojificha, risasi moja ya bunduki ikampata kichwani. Alikuwa na miaka 65.

Walimzika palepale, chini ya mkwaju. Tangu 2019 eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako hakuna anayeruhusiwa kuwinda, na kaburi lake bado lipo.