Henry Bergh, kimbelembele aliyewasemea farasi na kasa

Kila nikiandika katika safu hii kuhusu punda wa mikokoteni, napata majibu ya aina mbili. Wapo wanaoniambia wamemwona punda wa jirani ana kidonda mgongoni kilichooza, au ng'ombe amefungwa juani tangu alfajiri bila maji, nao wanauliza waende kwa nani. Na wapo wanaoniuliza kama nimekosa la kuandika: watu wana njaa, zahanati hazina dawa, nami nasema punda. Hao wa pili ndio walionifanya leo nimsimulie Henry Bergh wa New York, kwa kuwa yeye aliulizwa swali hilo hilo kwa miaka 22, tangu 1866 hadi siku ya kufa kwake.

Alizaliwa mwaka 1813. Baba yake, Christian Bergh, alikuwa mwenye karakana ya kuunda merikebu kando ya mto wa New York, na sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa heshima ya mtu wa namna hiyo. Henry aliingia chuo cha Columbia, hakumaliza. Mzee alipofariki mwaka 1843 alimwachia mali ya kutosha kutofanya kazi tena, naye akafanya hivyo hasa. Yeye na mkewe Catherine walizunguka Ulaya, wakala, wakatazama. Huko aliandika michezo ya kuigiza ambayo haikupata watazamaji. Ungemkuta akiwa na miaka 49 ungesema huyu ni tajiri mrefu mwembamba, mwenye masharubu na kofia ndefu, ambaye dunia haitamkumbuka kwa lolote.

Mwaka 1863 Rais Abraham Lincoln alimteua katibu wa ubalozi wa Marekani mjini St. Petersburg, Urusi. Huko ndiko alikomwona mwendesha gari akimchapa farasi wake bila huruma, akamwamuru dereva wake mwenyewe amwambie yule mtu aache. Akaacha. Bergh alikuwa amevaa sare ya kibalozi yenye nyuzi za dhahabu, na Mrusi yule hakujua kama anayemkemea ni jenerali au ni nani. Nadhani hapo ndipo alipojifunza jambo lililomwongoza baadaye: mkatili haachi kwa kuonewa haya tu, huacha akiona nyuma ya anayemkemea kuna mamlaka. Akaanza kuzunguka mji akiitumia sare yake hivyo.

Alipojiuzulu alipitia London, akakutana na viongozi wa chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kilichoanzishwa huko mwaka 1824, akawauliza wanafanyaje kazi. Akarudi New York na mpango. Tarehe 8 Februari 1866 aliwahutubia wakubwa wa mji ukumbini Clinton Hall. Tarehe 10 Aprili chama chake, ASPCA, kikapata hati ya bunge la jimbo, na siku 9 baadaye ikapita sheria ya kuwaadhibu wanaowatesa wanyama. Jambo kubwa halikuwa sheria peke yake, kwani New York ilikuwa na sheria ya aina hiyo tangu zamani na hakuna aliyeisimamia. Kubwa ni kwamba maofisa wa chama walipewa uwezo wa kukamata. Bergh akapata beji, na mwendesha mashtaka akamruhusu kusimama mahakamani ingawa hakuwa wakili.

Kesi ninayoipenda kuliko zote ni ya kasa, nayo ni ya mwaka huo huo wa kwanza. Jahazi lilifika New York kutoka Florida limebeba kasa hai wa kuuzwa sokoni. Walilazwa chali safari nzima, mapezi yametobolewa na kufungwa kamba. Bergh akamshtaki nahodha na mabaharia wake. Upande wa pili ulidai kwamba kasa si mnyama kwa maana ya sheria ile, na hakimu akawaachilia. Alimwandikia mtaalamu mkubwa wa viumbe wa wakati ule, Louis Agassiz, na Agassiz akamuunga mkono, lakini kesi ilikuwa imekwisha. Gazeti la Herald likamchekesha mji mzima kwa habari ya kubuni ya mkutano wa wanyama uliosimamiwa na Bergh. Matokeo yake ni kwamba kila mtu New York sasa alijua kuna ofisi ya kupeleka malalamiko kama hayo. Alishindwa kesi, akapata tangazo la bure.

Wavuvi wa Watamu na Lamu wanaosoma hapa wanajua kwamba leo kumlaza kasa chali ukampeleka kuuza ni kosa kubwa kwa sheria ya wanyamapori ya 2013. Miaka 147 imepita kati ya kesi ile na sheria hii. Na kwa punda, mbuzi, mbwa na ng'ombe tunayo sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, ambayo inahesabu pia kumnyima mnyama chakula na maji, na kumtumikisha akiwa mgonjwa au ana jeraha.

Hapo nina neno. Mwaka jana nilimsindikiza mama mmoja kituoni, sitataja ni kipi, akaripoti punda aliyeachwa na vidonda karibu na jaa la takataka. Askari wa zamu aliuliza kama punda mwenyewe amekuja kuandikisha taarifa. Wakacheka. Tulirudi siku ya pili na picha zenye tarehe, jina la mtaa, maelezo ya mashahidi wawili na barua ya daktari wa mifugo wa kaunti, tukaomba nambari ya OB. Safari hii hawakucheka, na mwenye punda aliitwa. Bergh angeielewa siku ya kwanza, na ya pili pia. Wanaokaa Lamu wana nafuu, wamekuwa na hospitali ya punda tangu 1987. Kwingine pwani, anzeni na ofisi ya mifugo, kisha polisi, na muwe na ushahidi mkononi.

Nirudi New York. Watu hudhani kazi yake yote ilikuwa kushika mikono yenye viboko. Nyingine ilihusu mnyama asiyepigwa na mtu, aliyesahauliwa tu. Mwaka 1867 sheria ilipanuliwa, na kikatiwa kifungu ambacho mimi nakiona kizuri ajabu: mnyama aliyefungiwa akikaa zaidi ya saa 12 bila chakula wala maji, mtu yeyote ana ruhusa ya kuingia alipofungiwa na kumpa, na gharama atalipa mwenye mnyama. Fikiria uzito wake katika nchi inayoheshimu mali ya mtu kuliko dini. Aliwafuata pia wenye mazizi ya ng'ombe waliolishwa machicha ya moto kutoka viwanda vya pombe, wamebanwa gizani mpaka mikia ikaoza, na maziwa yao yakanyweshwa watoto wa maskini.

Barabarani alisimama mbele ya tramu za farasi zilizojaa kupita kiasi, akiwaamuru abiria washuke kwenye theluji. Mwaka 1872, homa ya farasi ilipoenea, makampuni yaliendelea kuwafunga farasi wagonjwa, naye akawafungua. Abiria walimtukana. Wakambandika jina la Kimbelembele Mkuu. Mwenye sarakasi P. T. Barnum aligombana naye magazetini, tangu habari ya nyoka kulishwa sungura hai.

Kisha ikaja Aprili 1874. Mfanyakazi wa kanisa, Etta Wheeler, alipata habari za msichana wa miaka kama 10, Mary Ellen, anayepigwa na kufungiwa ndani na mama wa kulea. Alibisha milango kadhaa, kila mahali akaambiwa si kazi yetu. Akaenda kwa Bergh. Husimuliwa sana kwamba mtoto aliokolewa kwa sheria ya wanyama, si kweli. Bergh alisema wazi anaingia kama raia wa kawaida, na wakili wake, Elbridge Gerry, akatumia amri ya mahakama ya kumleta mtu aliyezuiliwa mbele ya jaji. Mtoto akaletwa na jeraha la mkasi usoni. Mama yule alifungwa mwaka mmoja, na kabla ya mwaka kwisha kilianzishwa chama cha kwanza cha kuwalinda watoto dhidi ya ukatili. Wanaosema ukimjali punda umemsahau mtoto wampitie Mary Ellen: mlango pekee uliofunguka kwake ni wa yule waliyemcheka kwa kuwajali wanyama.

Hakuwa malaika. Alipinga chanjo, na katika hilo alikosea vibaya. Alitaka wanaume wanaopiga wake zao wachapwe viboko hadharani, yeye ambaye alitumia miaka mingi kupokonya watu viboko. Vita vyake dhidi ya madaktari waliopasua wanyama hai kwa majaribio alishindwa. Lakini alipokufa karibu kila jimbo la Marekani lilikuwa na sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, na mwaka 1866 yeye alianza na beji moja.

Alifariki nyumbani kwake tarehe 12 Machi 1888, siku ambayo New York ilifunikwa na dhoruba ya theluji ambayo bado inasimuliwa, tramu za farasi zimekwama njiani. Alizikwa makaburi ya Green-Wood, Brooklyn. Barnum, ambaye mwishoni alikuwa amekuwa rafiki yake, alimfuata mwaka 1891, na katika wosia aliacha fedha za kumjengea Bergh mnara mjini Bridgeport. Juu yake iliwekwa sanamu ya farasi, na chini birika la kunyweshea farasi walio hai.