Zacharias alianza na filamu, akarejea kwa mwalimu

Kila mtaala mpya unapotangazwa, maswali ya kwanza huwa ni ya vitabu: vitaandikwa na nani, vitachapishwa lini, vitauzwa kwa bei gani. Swali la mwalimu huja mwisho, tena kwa sauti ya chini. Mimi ni mhadhiri wa isimu wala si mwanafizikia, lakini maisha ya mwanafizikia mmoja Mmarekani yamenifunza mengi zaidi kuhusu jambo hili kuliko ripoti nyingi za elimu. Jina lake ni Jerrold Zacharias.

Zacharias alizaliwa mwaka 1905 mjini Jacksonville, jimbo la Florida. Alisomea Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na huko akafanya utafiti wa viini vya atomu pamoja na Isidor Rabi, aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1944. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alikuwa miongoni mwa wataalamu walioendeleza rada katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts, MIT. Vita vilipokwisha alikuwa profesa katika chuo hicho, na katika miaka ya hamsini akaongoza kazi iliyozaa saa ya atomu ya kwanza kuuzwa kibiashara.

Katika miaka hiyo hiyo alijipatia sifa nyingine. Majira ya kiangazi, vyuo vilipofungwa, aliwakusanya wataalamu mahali pamoja kwa majuma kadhaa, washughulikie tatizo moja tu hadi walipatie ufumbuzi. Kikao cha mwaka 1950 kilihusu nyambizi; kile cha mwaka 1952 kilihusu ulinzi wa anga. Mwaka 1956 akayageuza macho yake kwenye shule za upili.

Vitabu vya fizikia vya wakati huo vilijaa habari za mitambo ya nyumbani na kanuni za kukariri. Mwanafunzi alimaliza mwaka bila kujua mwanasayansi huufikiaje ukweli wake. Zacharias alimwandikia rais wa MIT, James Killian, akipendekeza zitengenezwe filamu 90, kila moja ya dakika 20. Wazo hilo lilivutia: mwanafizikia hodari angeonekana katika kila darasa, hata pale ambapo mwalimu hakubobea. Kamati ikaundwa mwaka huo huo kwa fedha za Shirika la Taifa la Sayansi. Wengi hudhani kwamba juhudi hizo zilichochewa na setilaiti ya Warusi, Sputnik. La hasha! Sputnik iliruka Oktoba 1957, kamati ikiwa tayari kazini. Ilichofanya ni kuufungua zaidi mfuko wa serikali.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ilidhihirika kwamba filamu pekee haitoshi. Ilihitaji kitabu, kitabu kikahitaji vifaa vya maabara, vifaa vikahitaji mwongozo, na vyote hivyo vikamhitaji mwalimu anayeelewa kwa nini vipo. Ndipo katika kiangazi cha mwaka 1958 yakafanywa mafunzo katika vituo vitano, kwa walimu wapatao 300. Mwaka wa masomo uliotangulia, kozi hiyo ilijaribiwa katika shule 8 tu. Baada ya mafunzo, iliingia katika shule zinazokaribia 300. Aidha, mafunzo ya likizo yaliyogharimiwa na Shirika hilo yalimpa mwalimu posho, na nyongeza kwa mwenye familia. Hakuna aliyemwambia atoe senti mfukoni mwake ili aifanye vyema kazi ya taifa.

Mafunzo hayo hayakuwa ya kuhutubiwa tu. Mwalimu alirudi kuwa mwanafunzi. Alitia maji katika beseni la kina kifupi lenye sakafu ya kioo, akawasha taa juu yake, akayachovya maji na kuvitazama vivuli vya mawimbi kwenye karatasi iliyo chini. Alitengeneza mizani kwa mrija wa kunywea soda, mizani nyepesi ya kupimia vitu vidogo mno. Katika somo langu, mwanafunzi anaweza kuikariri fasili ya nomino na asiitambue nomino katika sentensi. Fizikia ina ugonjwa huo huo, na dawa yake ni kushika kwa mikono. Mwalimu aliyekwisha kukosea mwenyewe mbele ya beseni humvumilia mwanafunzi anayekosea.

Kozi hiyo haikukosa kasoro. Wakosoaji walisema ni ngumu mno, na kwamba ilimfaa zaidi mwanafunzi atakayekuwa mwanasayansi. Lawama hiyo ilikuwa na ukweli.

Habari zake zinatugusa hata sisi. Mwaka 1961 Zacharias alikuwa mstari wa mbele kuitisha mkutano karibu na Boston kuhusu elimu ya Afrika. Kutokana nao, mwaka 1962 wataalamu wa Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika vitabu vya hisabati ya kisasa. Nchini Kenya hisabati ya kisasa ilifutwa mwaka 1981, baada ya malalamiko mengi. Kwa maoni yangu, kosa kubwa halikuwa katika hesabu zenyewe. Vitabu viliwatangulia walimu.

Zacharias alifariki mwaka 1986. Wanaopanga mafunzo ya walimu wetu katika Mtaala wa Umilisi wana la kujifunza kwake. Mafunzo ya siku tatu, ya kusomewa makaratasi ukumbini, hayamgeuzi mtu. Mwalimu wa fizikia apewe majuma, si siku; afanye majaribio yote atakayowafanyisha wanafunzi wake, kwa vifaa atakavyovipata shuleni kwake; na alipwe kwa likizo anayoitoa. Pasipo hayo, tutachapisha vitabu vizuri, kisha miaka ishirini baadaye tukae kikao kuulizana ni kwa nini vilishindwa.