Luwum alivyomwombea Amin bila kumnyamazia

Wahenga walinena kwamba dua la kuku halimpati mwewe. Aghalabu methali hii huwafariji wenye nguvu na kuwavunja moyo wanyonge. Hata hivyo, maisha ya Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda yatufunza kuwa kuna dua la namna nyingine: lile linalomtakia mwewe aongoke, na papo hapo likamwambia waziwazi kwamba anamaliza vifaranga.

Luwum alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, karibu na Kitgum, katika jamii ya Waacholi. Alisomea ualimu Boroboro, akafundisha shule ya msingi, kisha Januari 1948 akaokoka katika vuguvugu la uamsho lililokuwa limeenea Afrika Mashariki. Alipata ukasisi mwaka 1956. Alipowekwa wakfu mjini Gulu mwaka 1969 kuwa Askofu wa Uganda Kaskazini, miongoni mwa waliohudhuria ibada hiyo walikuwa Rais Milton Obote na mkuu wa jeshi, Idi Amin. Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Januari 1971, Amin alimpindua Obote, na askari wengi wa Kiacholi na Kilango wakauawa kambini.

Mtu aliyefikwa na msiba wa jinsi hiyo katika jamii yake ataombaje? Kitenzi omba kikinyambuliwa katika kauli ya kutendea twapata ombea, na kauli hiyo humwingiza mtu mwingine katika tendo. Lakini haisemi kama anaombewa heri au shari. Twaweza kumwombea mtu baraka, na vilevile twaweza kumwombea mauti. Lugha imemwachia mwombaji uamuzi huo. Luwum alishikilia mafundisho ya Injili kwamba watesi waombewe heri, pamoja na agizo la Paulo kwa Timotheo kwamba waumini wawaombee wenye mamlaka.

Mwaka 1974 alikuwa Askofu Mkuu wa kanisa la Kianglikana katika Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Wapo waliomlaumu kwa kuhudhuria hafla za serikali, wakidhani amejikomba kwa Amin. Yeye aliona kwamba mlango ungali wazi, na kwamba ni wajibu wake kuutumia kumfikishia mtawala habari za watu waliokamatwa wasionekane tena.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, askari walivamia makao yake Namirembe wakitafuta silaha. Mmoja alimsukumia bunduki tumboni. Walipekua vyumba vyote, hata maghala ya chakula, wasipate kitu. Luwum aliwaeleza kwamba katika nyumba ile kazi yao ni kuhubiri na kuomba, na kwamba humwombea Rais na askari wake pia. Walipotaka kuondoka, mkewe, Mary, alisema na wapite walikopitia walipoingia. Luwum alikataa, akaagiza wafunguliwe lango, ili wajue kwamba wenye nyumba hawakuwawekea kinyongo.

Msomaji anayeishia hapo atadhani Luwum alikuwa mpole kupita kiasi. La hasha! Siku chache baadaye yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua na kutia sahihi zao. Walilalamikia uvamizi ule, wakamweleza kwamba bunduki iliyokusudiwa kumlinda raia sasa inamwua na kumpokonya mali yake. Ikiwa Askofu Mkuu anatendewa hivyo, raia wa kawaida atamkimbilia nani? Kwa Luwum, kumwombea mtawala na kumwambia kweli zilikuwa kazi mbili za mtu mmoja. Aliyeacha moja aliiharibu ya pili.

Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa Kampala. Luwum alishtakiwa hadharani kwa njama za kuipindua serikali, na askari waliokusanyika wakapiga kelele auawe. Maaskofu wengine waliruhusiwa kwenda, yeye akabakizwa. Kesho yake serikali ilitangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Waliouona mwili wake waliona matundu ya risasi. Alizikwa Mucwini, na huko Namirembe waumini wakakusanyika kando ya kaburi tupu lililochimbwa kwa ajili yake. Askofu Festo Kivengere, aliyekimbilia uhamishoni, alitoa kitabu mwaka huohuo ambacho anwani yake inatangaza kwamba anampenda Idi Amin.

Je, dua lilimpata mwewe? Amin hakubadilika, alitimuliwa mwaka 1979, akafia Saudi Arabia mwaka 2003. Tangu mwaka 2015 Uganda huadhimisha tarehe 16 Februari kwa heshima ya Luwum.

Nasi huku Kenya tunayo mazoea ya kumwombea kiongozi wa upande wetu na kumwapiza wa upande wa pili. Mwalimu anayeongoza sala mbele ya wanafunzi ambao wazazi wao hawapigii kura chama kimoja anaweza kupima sala yake kwa kipimo cha Luwum: je, yule tusiyemtaka ametajwa kwa heri, na yule tumtakaye ameambiwa kweli?