Tsuburaya: Fundi aliyelipa uhai dubwana Godzilla

EIJI Tsuburaya hakuwa na kompyuta wala fedha za kutapanya. Kwa mpira, waya, mianzi na plasta, fundi huyu wa Japani alilipa uhai dubwana ambalo hadi leo linatikisa kumbi za sinema kote duniani.

Alizaliwa Julai 7, 1901 mjini Sukagawa, mkoani Fukushima. Mamaye alifariki angali mtoto wa miaka 3, akalelewa na jamaa zake. Tangu utotoni alihusudu ndege, akawa akiunda ndege ndogo za mfano. Mnamo 1916 alijiunga na shule ya urubani, lakini ilifungwa baada ya mwanzilishi wake kufa katika ajali. Kufikia 1919 alikuwa ameingia katika kazi ya filamu.

Filamu ya Marekani ya King Kong, iliyotoka 1933, ndiyo iliyomwonyesha njia. Alipata nakala yake, akaichunguza picha moja baada ya nyingine hadi akaielewa siri yake.

Hata hivyo, ustadi huo ulitumiwa kwanza kutukuza vita. Mnamo 1942 kampuni ya Toho ilimtaka atengeneze upya shambulio la Pearl Harbor, naye akajenga bandari na manowari ndogo za mfano. Japani iliposhindwa, watawala wa Marekani waliwafungia milango walioshiriki katika kazi kama hizo. Mwaka wa 1948, Tsuburaya akapoteza ajira.

Aliporejea Toho, nchi ilikuwa bado na makovu ya Hiroshima na Nagasaki. Machi 1954, Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, na majivu yake yakawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani. Toho ikaamua kutengeneza filamu kuhusu mnyama wa kale anayezinduliwa na bomu la aina hiyo.

Tsuburaya alitamani kufuata mbinu ya King Kong, ambapo kinyago husogezwa kidogo, kikapigwa picha, kisha kikasogezwa tena. Alikadiria kwamba kazi hiyo ingechukua miaka 7, ilhali Toho iliitaka filamu kabla ya mwaka kwisha.

Ndipo alipoamua kumvika mtu vazi la mpira. Vazi la kwanza lilikuwa na uzani wa karibu kilo 100, gumu kiasi kwamba mwigizaji Haruo Nakajima aliweza kupiga hatua chache tu. Halikutupwa; lilikatwa vipande, miguu yake ikatumiwa katika picha za karibu. Jiji la Tokyo lilijengwa upya likiwa dogo mara 25, na kamera zikaendeshwa kwa kasi ili hatua za dubwana zionekane nzito na za polepole.

Filamu ilianza kuonyeshwa kote Japani Novemba 3, 1954, na mamilioni wakamiminika kuitazama. Kila mtu alitambua kuwa lile ni vazi la mpira. Lakini vumbi lilikuwa vumbi la kweli, kuta zilibomoka kikweli, na miali ya moto ilikumbusha wengi usiku walioukimbia wenyewe. Mikono iliyopamba vita sasa ilikuwa ikionya dhidi yake.

Mnamo 1963 alianzisha kampuni yake, iliyotoa kipindi cha Ultraman mwaka wa 1966. Fedha za televisheni zilikuwa haba, hivyo vazi kuukuu la Godzilla liliongezwa ukosi mpana shingoni likawa dubwana jingine, na watoto wakafurahi vilevile.

Tsuburaya alifariki Januari 25, 1970 akiwa na umri wa miaka 68. Mwaka wa 2024, filamu ya Godzilla Minus One, iliyotengenezwa kwa bajeti ndogo ikilinganishwa na za Hollywood, ilishinda tuzo ya Oscar ya picha za mbinu maalumu. Sasa kompyuta zilichukua nafasi ya mpira, lakini hadithi ilikuwa ileile: watu waliookoka vita, wakikabiliana na kivuli chake.