Bakhita: Binti wa Darfur aliyemgomea bosi wake, kisha akawasamehe waliomuuza

Kuna jina moja ambalo Josephine Bakhita hakuwahi kulikumbuka mpaka anaingia kaburini. Ni jina alilopewa na wazazi wake.

Bakhita halikuwa jina la nyumbani. Alipewa na watu waliomteka akiwa mtoto, na kwa Kiarabu maana yake ni mwenye bahati. Hebu fikiria: mtoto kaibwa kwao, hofu imemjaa hadi jina lake limemtoka kichwani, halafu anaitwa mwenye bahati.

Leo mtoto huyo anajulikana kama Mtakatifu Josephine Bakhita. Wengi wanamfahamu kwa jambo moja, kwamba aliwasamehe waliomfanya mtumwa. Ni kweli, ila habari hiyo mara nyingi husimuliwa nusu. Kabla ya kusamehe, Bakhita kwanza alikataa.

Kutekwa Darfur

Alizaliwa mwaka 1869 hivi katika kijiji cha Olgossa, Darfur, magharibi mwa Sudan. Familia yake iliheshimika, na baba yake alikuwa ndugu wa mkuu wa kijiji. Dada yake mkubwa ndiye aliyetangulia kutekwa na wafanyabiashara ya watumwa.

Miaka michache baadaye, akiwa na umri wa kati ya miaka saba na tisa, ikawa zamu yake. Watu wawili wenye silaha walimkuta mbali kidogo na nyumbani, wakamchukua. Alitembezwa peku mamia ya kilomita hadi mji wa El Obeid, na njiani tayari alikuwa ameuzwa na kununuliwa tena.

Aliwahi kutoroka na msichana mwenzake. Walikimbia usiku porini, lakini haikupita muda wakaangukia mikononi mwa mfanyabiashara mwingine.

Katika nyumba moja, mtoto wa kiume wa tajiri wake alimpiga vibaya hadi akalala mkekani zaidi ya mwezi mzima bila kuweza kuinuka. Tajiri wa nne alikuwa ofisa wa jeshi la Kituruki. Huko viboko vilikuwa chakula cha kila siku.

Katika nyumba hiyohiyo alichanjwa. Michoro ilichorwa mwilini mwake kwa unga mweupe, kisha wembe ukapita juu ya ile mistari, na vidonda vikajazwa chumvi ili makovu yasifutike. Alichanjwa mara 114, kifuani, tumboni na kwenye mkono wa kulia. Makovu hayo alikufa nayo.

Safari ya Italia

Mwaka 1883 alinunuliwa mjini Khartoum na Callisto Legnani, balozi mdogo wa Italia. Kwa mara ya kwanza alikaa kwenye nyumba ambayo hakupigwa. Miaka miwili baadaye majeshi ya Mahdi yalipoukaribia mji, Legnani aliamua kurudi kwao, na Bakhita akamsihi asimwache.

Walipofika Genoa mwaka 1885, Legnani akamtoa kama zawadi kwa mke wa rafiki yake, Augusto Michieli. Yaani hata Ulaya binti huyu bado alikuwa kitu cha kugawiwa.

Familia ya Michieli iliishi karibu na Venice. Bakhita akawa yaya wa binti yao mdogo, Alice, ambaye nyumbani aliitwa Mimmina. Wawili hao walishikamana sana.

Baadaye Michieli alinunua hoteli Suakin, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu nchini Sudan. Mwishoni mwa mwaka 1888 mama mwenye nyumba alipaswa kusafiri kwenda huko, akawaacha Mimmina na Bakhita kwa masista wa Canossa mjini Venice.

Huko ndiko Bakhita alikofundishwa dini. Mwenyewe alikuja kusimulia kwamba tangu utotoni alikuwa akitazama jua, mwezi na nyota na kujiuliza ni nani mwenye vitu hivyo. Kwa masista alipata jibu. Kilichomgusa zaidi ni kusikia kwamba huyo Bwana mkubwa kuliko wote naye alipigwa viboko, na kwamba anamjua yeye Bakhita na anampenda.

Siku aliyokataa

Mama Michieli aliporudi kuwachukua, Bakhita akagoma kuondoka.

Kwa msichana aliyenunuliwa na kuuzwa mara zote hizo, halikuwa jambo dogo. Aliyekuwa akimwomba waondoke hakuwa yule ofisa wa viboko, bali mwanamke aliyemzoea, mama wa mtoto aliyempenda. Alishawishiwa kwa siku kadhaa, na kumwacha Mimmina kulimuuma. Hata hivyo hakubadili msimamo, kwa sababu aliona akiondoka anaweza kuipoteza imani aliyoipata.

Suala hilo likafika kwa mamlaka. Tarehe 29 Novemba 1889 uamuzi ukatolewa: sheria ya Italia haikutambua utumwa, na Waingereza walikuwa wameishinikiza Sudan kuupiga marufuku kabla hata Bakhita hajazaliwa. Kumbe kisheria hakuwahi kuwa mtumwa hata siku moja.

Akiwa na miaka 20 hivi, kwa mara ya kwanza alikuwa huru kuchagua. Alichagua kubaki Venice. Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa kwa majina ya Giuseppina Margherita Fortunata. Hilo la mwisho nalo linahusu bahati, kama lile alilopewa na watekaji, ila safari hii alilipokea kwa hiari yake. Desemba 1896 aliweka nadhiri za utawa.

Miaka mingi mlangoni

Mwaka 1902 alipelekwa kwenye nyumba ya masista mjini Schio, kaskazini mwa Italia. Huko aliishi sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki. Alipika, alishona, alitarizi, alitunza vyombo vya kanisani, na kwa miaka mingi alikuwa bawabu, yule sista anayefungua mlango mtu akibisha hodi.

Hakuanzisha shirika wala hakuongoza taasisi. Watoto waliofika shuleni hapo walimkuta mlangoni, akawawekea mkono kichwani kwa upole. Watu wa mji walimpenda kwa sauti yake tulivu na tabasamu lake. Mwaka 1931 habari za maisha yake zilipochapishwa kwenye kitabu, akawa maarufu Italia nzima, akazungushwa miji mbalimbali kuzungumza na watu. Kwake ilikuwa kazi ngumu kuliko jikoni, maana hakupenda kutazamwa.

Msamaha wake

Siku moja mwanafunzi alimuuliza angefanya nini akikutana na watu waliomteka. Jibu lake lilikuwa kwamba angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa sababu bila yale yaliyotokea asingekuwa Mkristo wala mtawa.

Jibu hilo huwapa watu wengi shida, na si ajabu. Lakini aliyelitoa ni mtu aliyewahi kuukataa utumwa hadharani, hadi uamuzi wa mamlaka ukampa haki yake. Hakusema alichofanyiwa kilikuwa sawa. Aliwahurumia waliomtesa, akiamini huenda hawakujua uzito wa waliyoyatenda, na aliwaombea.

Wala msamaha haukumfutia kumbukumbu. Miaka ya mwisho aliishi kwa maumivu, akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Alipozidiwa, akili ilimrudisha Sudan, akawa anamsihi sista aliyemuuguza amlegezee minyororo kwa kuwa ilikuwa mizito. Zaidi ya miaka 60 ilikuwa imepita tangu afungwe minyororo ya kweli.

Alifariki Schio tarehe 8 Februari 1947. Watu walimiminika kumuaga, na mwili wake uliwekwa siku tatu ili wapate nafasi.

Jina lililobaki

Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mwaka 1992 na mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Leo zipo shule zenye jina lake hata hapa Afrika Mashariki.

Tangu mwaka 2015, kila tarehe 8 Februari Kanisa Katoliki hufanya siku ya sala dhidi ya biashara haramu ya binadamu. Wanaoombewa ni pamoja na mabinti wanaohadaiwa kwa ahadi ya kazi nzuri ya ndani, na wakifika wananyang'anywa pasipoti na kufungiwa. Kama Bakhita, nao kwanza wanahitaji mlango wa kukimbilia, na mtu wa kuufungua.