Dundas, kahawa ya Wachagga na shilingi isiyosogea

Charles Dundas alizaliwa 1884, akafa 1956. Alianza utawala Kenya, ambako Mwafrika alizuiwa kulima kahawa ya arabika. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akaletwa Moshi, na huku akafanya kinyume kabisa: akawahimiza Wachagga wapande mibuni vihambani, katikati ya migomba. Hakuwa malaika, maana kodi nayo ilitakiwa itoke mahali.

Walowezi wakaja juu. Eti magonjwa ya mibuni yatasambaa, eti kahawa yao itaibwa. Ila hofu kubwa ilikuwa vibarua. Mtu mwenye mibuni yake aende kupalilia ya Mzungu kwa ujira uleule wa zamani, kwa nini? Kwa maoni yangu, walowezi walilijua somo hili kabla ya maprofesa.

Hebu tulitazame. Shilingi ya Afrika Mashariki ilifungwa kwenye pauni: shilingi 20 kwa pauni 1, basi. Sasa siku moja ya kazi kihambani ikianza kutoa kahawa nyingi zaidi, ujira wa kibarua unavutwa juu. Kinyozi wa Moshi mjini naye atataka zaidi, la sivyo bora apande mlimani akalime, ingawa mkasi wake ni uleule na vichwa anavyonyoa kwa siku ni vilevile. Bei ya kahawa inapangwa London. Ya kunyoa inapangwa hapahapa. Kwa hiyo bei za Moshi zinapanda zikilinganishwa na za Uingereza, na shilingi haijaguswa hata senti. Huko ndiko kupanda kwa thamani halisi ya ubadilishaji fedha, jambo ambalo Balassa na Samuelson waliliandika 1964, Dundas akiwa kaburini miaka 8. Anayeumia ni mkulima wa kahawa ambaye tija yake imebaki palepale: analipa ujira mpya, anauza kwa bei ya London.

Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, rais akiwa Joseph Merinyo, ili wapambane na magonjwa ya mibuni na wauze pamoja. Mwaka 1933 KNCU ikachukua nafasi yake. Dundas alikuwa ameshahamishwa. Baadaye akawa gavana wa Bahama, kisha Uganda kuanzia 1940. Wachagga walishampa jina lao: Mzee wa Wachagga.