Beatrix Potter, Mchoraji wa Uyoga

Uyoga tunaujua sote. Mvua zikinyesha, huota msituni, kwenye magogo yaliyooza na hata juu ya vichuguu. Tukiuona, wengi wetu tunajiuliza jambo moja tu: unaliwa au hauliwi? Hilo ni jambo kubwa, maana uyoga wa sumu huua.

Palikuwa na mwanamke mmoja wa Uingereza aliyeutazama uyoga kwa sababu nyingine. Alitaka kujua umbo lake, rangi zake, na jinsi unavyozaliwa. Jina lake Beatrix Potter. Watu wengi duniani wanamjua kwa hadithi za watoto alizoandika, hasa ile ya sungura aitwaye Peter. Kazi yake ya uyoga haijulikani sana. Hiyo ndiyo tutakayoisoma hapa.

MTOTO ASIYEPELEKWA SHULE

Beatrix alizaliwa mjini London tarehe 28 Julai 1866. Wazazi wake walikuwa matajiri. Mdogo wake wa kiume, Bertram, alizaliwa mwaka 1872. Bertram alipelekwa shule. Beatrix hakupelekwa. Desturi ya matajiri wa siku zile ilikuwa kumfundisha mtoto wa kike nyumbani. Basi walimu wa kike walikuja kumfundisha palepale.

Chumba chao cha masomo kilijaa wanyama. Walifuga sungura, panya, popo, vyura na mijusi. Mnyama akifa, hawakumtupa. Walimchemsha mpaka nyama ikatoka, kisha wakaichunguza mifupa na kuichora. Sijui mpishi wa nyumba ile alivumiliaje.

Alipokuwa kijana, Beatrix alianza kuandika habari za maisha yake katika daftari. Aliziandika kwa herufi za siri alizozibuni mwenyewe, ili mtu mwingine asiweze kuzisoma. Kweli hazikusomeka. Siri ile ilifumbuliwa mwaka 1958 na Bwana Leslie Linder, baada ya kuhangaika nayo miaka kadhaa. Wakati huo Beatrix alikuwa amekwisha kufa.

Baba yake, Rupert Potter, alipenda sana kupiga picha. Beatrix naye alijifunza kutumia kamera. Lakini kamera za siku zile zilikuwa nzito. Zilisimamishwa juu ya miguu mitatu, na picha ilipigwa kwenye kipande cha kioo. Tena picha hazikuwa na rangi. Siku hizi kuna watu wanaoingia msituni na kamera yenye lenzi ya kukuzia, wakapiga picha ya uyoga mdogo kuliko punje ya mchele, rangi zote zikaonekana. Beatrix hakuwa na kamera ya namna hiyo. Alitumia jicho lake, penseli, brashi na rangi za maji.

MZEE WA POSTA

Kila mwaka familia ya Potter ilikwenda kupumzika shamba. Kwa miaka mingi walikwenda Uskoti, kaskazini mwa Uingereza, karibu na mji mdogo wa Dunkeld. Huko alikuwako mzee mmoja, Charles McIntosh. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kupeleka barua za posta, nyumba hadi nyumba, kwa miguu. Njiani alitazama kila mmea na kila kuvu. Mzee Charles hakusoma chuo kikuu, lakini katika wilaya ile hakuna aliyemshinda kwa kuujua uyoga.

Beatrix alimfahamu tangu utotoni, kwa kuwa ndiye aliyewaletea barua. Mwaka 1892 alimwendea na kumwonyesha michoro yake. Mzee Charles alikuwa na haya, lakini alipoiona michoro alianza kuzungumza. Wakapatana. Beatrix akiwa London, Mzee Charles alimpelekea uyoga kwa posta. Beatrix aliuchora, kisha akampelekea Mzee nakala ya mchoro.

Mzee alimfundisha jambo muhimu. Alimwambia haitoshi kuchora uyoga uonekanavyo kwa nje. Aupasue katikati na kuchora ndani yake. Aonyeshe pia upande wa chini wa kofia, na jinsi ulivyoshikana na shina. Bila hayo, mtaalamu hawezi kujua ni uyoga wa aina gani. Tangu hapo michoro ya Beatrix ilibadilika. Ilipendeza kama zamani, na sasa mtu aliweza kuitumia kuutambua uyoga wenyewe.

VUMBI LA CHINI YA KOFIA

Uyoga hauna mbegu kama mahindi. Chini ya kofia za aina nyingi kuna mikunjo myembamba, imepangana kama kurasa za kitabu. Katika mikunjo hiyo hutoka vumbi laini. Ukikata kofia na kuilaza juu ya karatasi usiku kucha, asubuhi utalikuta vumbi hilo limechora alama ya mikunjo. Chembe za vumbi hilo ndizo zinazoufanya uyoga uzaane. Chembe ikipata unyevu mahali pazuri, hutoa uzi mwembamba sana. Nyuzi huenea katika udongo au katika mti uliooza. Uyoga tunaouchuma ni kama embe tu. Mwembe wenyewe ni zile nyuzi zilizojificha.

Beatrix alitaka kuona kwa macho yake chembe ikitoa uzi. Alipanda chembe nyumbani, juu ya vipande vya kioo, akazitazama kwa hadubini. Hadubini ni chombo chenye lenzi kinachokuza kitu kidogo hata mara mia kadhaa. Chembe nyingine zilikataa kuota. Nyingine ziliota, naye akazichora.

WATAALAMU WA LONDON

Mjomba wake, Sir Henry Roscoe, alikuwa mtaalamu mkubwa wa kemia. Mwaka 1896 alimpeleka Beatrix kwenye Bustani ya Kew, mahali penye wataalamu wakuu wa mimea. Mkurugenzi wa Kew, Bwana Thiselton-Dyer, hakumtilia maanani. Lakini Beatrix hakuacha. Aliandika maelezo ya kazi yake juu ya kuota kwa chembe za uyoga.

Palikuwa na chama cha wataalamu wa viumbe kiitwacho Linnean Society. Wanawake hawakuruhusiwa kuwa wanachama wala kuhudhuria mikutano. Kwa hiyo tarehe 1 Aprili 1897 andiko la Beatrix lilipelekwa mkutanoni na mwanamume, Bwana George Massee wa Kew. Mwenye kazi alibaki nje. Wataalamu waliona andiko lile linahitaji kufanyiwa kazi zaidi, na muda mfupi baadaye Beatrix aliliondoa. Halikuchapishwa. Andiko lenyewe limepotea, na mpaka leo halijaonekana. Chama kilianza kuchagua wanawake kuwa wanachama mwaka 1904, lakini wakati huo Beatrix alikuwa ameshika njia nyingine.

SUNGURA NA KONDOO

Mwaka 1893, akiwa Dunkeld, alimwandikia barua mtoto wa aliyekuwa mwalimu wake. Mtoto huyo alikuwa mgonjwa. Ndani ya barua aliweka hadithi na picha za sungura Peter. Miaka ikapita, akaona hadithi ile inafaa kuwa kitabu. Wachapishaji waliikataa. Desemba 1901 akatoa fedha zake mwenyewe, akachapisha vitabu 250. Mwaka 1902 kampuni ya Frederick Warne ikakubali kukichapisha, na kitabu kikaenea duniani.

Mwaka 1905 alichumbiwa na Norman Warne wa kampuni hiyo. Norman akafa mwezi wa Agosti mwaka uleule, kabla ya ndoa. Mwaka huohuo Beatrix alinunua shamba la Hill Top, kaskazini mwa Uingereza, kwenye wilaya ya milima na maziwa. Mwaka 1913, akiwa na umri wa miaka 47, aliolewa na mwanasheria William Heelis. Alifuga kondoo wa kienyeji wa milima ile, waitwao Herdwick, na wafugaji wenzake walimheshimu. Alikufa tarehe 22 Desemba 1943. Aliacha zaidi ya eka 4,000 za ardhi kwa shirika la National Trust, ili zihifadhiwe.

Michoro yake ya uyoga, zaidi ya mia tatu, haikutupwa. Mingi iliwekwa katika maktaba ya Armitt, mjini Ambleside. Mwaka 1967, mtaalamu W. P. K. Findlay alipotoa kitabu cha kutambua uyoga, alitia ndani michoro 59 ya Beatrix. Na mwaka 1997, miaka 100 baada ya mkutano ule wa Aprili, chama cha Linnean kilikiri hadharani kwamba Beatrix Potter hakutendewa haki.